Ziwa Lina Saa Zake

Sisi tuliozaliwa katika mbuga za Shinyanga tulifunzwa pande za dunia kabla ya kufunzwa kuhesabu. Kwa Kisukuma kaskazini ni sukuma, kusini ni dakama, mashariki ni kiya na magharibi ni ng'weli. Hata jina la kabila letu ni jina la upande tu, kwa maana Wasukuma ni watu wa kaskazini, na jirani zetu wa upande wa pili tuliwaita Badakama, watu wa kusini. Ungedhani kwamba watu wanaojiita kwa majina ya pande wangekuwa mabingwa wa upepo. Waama, tuliujua, lakini tuliujua upepo wa nchi kavu. Tuliujua ule wa mwezi wa nane unaopuliza mavumbi hadi ndani ya chungu, tulizijua kisulisuli zinazozunguka katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na akina mama waliungoja upepo wa mchana ili wapepete mtama. Upepo kwetu ulikuwa kero au msaada. Haukuwa kitu cha kuua mtu.

Maji nayo tuliyajua kwa uhaba wake. Tulichimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka, tukangoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Nilipofika Chuo cha Ualimu Butimba, pale Mwanza, ndipo nilipoishi kwa mara ya kwanza karibu na maji yasiyokuwa na ng'ambo. Baadaye, mwaka 1978, baada ya kufundisha miaka sita kwetu Shinyanga, nilihamishiwa katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na mwalo wa wavuvi wilayani Geita, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza, kabla ya kufanywa mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Nilikaa katika mwambao ule, kwanza kama mwalimu wa kawaida na kisha kama mwalimu mkuu, kwa zaidi ya nusu ya utumishi wangu. Mengi niliyojifunza huko nimeyasahau. Lakini liko moja ambalo sitaki nife nalo, nalo ni hili: ziwa lina saa zake, na aghalabu watu hufa pale saa za binadamu zinapogombana na saa za ziwa.

Kwanza niseme ziwa lenyewe ni nini, kwa sababu wapo watu wa bara wanaodhani ni bwawa kubwa tu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Liko juu, kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, lakini kina chake si kikubwa kwa ukubwa huo: wastani wake ni mita 40 hivi, na pale penye kina kirefu zaidi ni mita kama 80. Ni sinia, si mtungi. Maji ya namna hii yakipigwa na upepo hutoa mawimbi mafupi yenye kusimama wima, yanayofuatana haraka bila kumpa mwenye mtumbwi nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine.

Mjukuu wangu aliwahi kunionesha katika simu yake picha za vijana wanaopanda mawimbi kwa ubao huko Nazaré, nchini Ureno, katika pwani ya Bahari ya Atlantiki. Mawimbi yale ni marefu kama majumba ya ghorofa. Nilisoma kwamba huzaliwa na dhoruba za majira ya baridi zilizo mbali sana baharini, husafiri siku kadhaa, na yakifika hapo huinuliwa zaidi na korongo refu lililo chini ya maji. Kwa hiyo huko wimbi kubwa laweza kufika siku ambayo hewa ya ufukweni imetulia, na mwenye ubao hupata habari zake siku kadhaa kabla. Ziwa letu halina mgeni wa aina hiyo. Wimbi la kwetu huzaliwa hapa hapa, na upepo wa saa hii, nalo hukua mbele ya macho yako. Ubaya wake ni kwamba halitoi taarifa ndefu. Uzuri wake ni kwamba ukiujua upepo, umelijua na wimbi.

Na upepo wenyewe una utaratibu. Chuoni tulikuwa na mkufunzi wa jiografia, mtu wa pwani, aliyetufundisha habari hiyo kwa maneno ya kwao: kusi na kaskazi, na ile nafasi ya katikati ambapo pepo hubadilishana zamu, wanayoiita maleleji. Kisha pale mwaloni nilimkuta mzee mmoja Mkerewe, nahodha tangu ujana wake, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja. Wote wawili walinifundisha somo lile lile, ila mzee alilifundisha kwa saa.

Alisema, "Mwalimu, usiku nchi hulipulizia ziwa, mchana ziwa huilipa nchi."

Maana yake ni rahisi. Jua likiwaka, ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kuziba nafasi yake. Kwetu sisi tulio upande wa kusini wa ziwa, upepo huo wa mchana hutoka kaskazini na kupiga ufukweni. Huanza kuamka kama saa nne au saa tano asubuhi, hupata nguvu saa nane na saa tisa, na huchoka jua linapozama. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani mpaka alfajiri. Ndiyo sababu tangu zamani wenye matanga waliondoka gizani wakisukumwa na upepo wa nchi kavu, na kurudi mchana wakisukumwa na upepo wa ziwa. Walikuwa wakipanda gari lenye ratiba.

Juu ya ratiba hiyo ya kila siku yapo majira. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane huvuma ule upepo mkavu wa kusini-mashariki, ambao mkufunzi wetu angeuita kusi. Ndio unaopoza ziwa na kuyachanganya maji ya juu na ya chini. Hapo mgeni hudanganyika sana. Akisimama ufukweni kwetu asubuhi ataona maji yametulia kama uji uliopoa, kwa sababu upepo unatoka mgongoni mwake na haujapata nafasi ya kujenga wimbi. Lakini kadiri mtumbwi unavyokwenda mbali ndivyo mawimbi yanavyokua, na injini ikizimika, chombo hakirudishwi ufukweni. Hupelekwa mbele, mbali na nchi. Katika miezi ya Desemba hadi Februari mambo huwa kinyume. Upepo wa upande wa kaskazini huungana na ule wa mchana, na mawimbi huvunjika mwaloni kwa kishindo tangu adhuhuri. Haya yanatisha zaidi kwa macho, lakini mzee wangu aliyaogopa kidogo kuliko yale ya kusi. "Haya yanakutupa nyumbani," alisema. "Yale yanakuchukua."

Niliporudi darasani nilitaka kuhakikisha. Niliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuandika katika daftari mara tatu kila siku: asubuhi kabla ya mstari, mchana wakati wa mapumziko, na jioni baada ya michezo. Tulichomeka mti wenye kitambaa karibu na uwanja, na kazi yao ilikuwa kuandika kitambaa kinaelekea wapi na kama kimelegea au kimenyooka. Kazi hiyo ilirithishwa darasa hadi darasa kwa miaka mingi. Gugu maji lilipolivamia ziwa, katika miaka ya mwanzo ya 1990, watoto walipata kipima upepo kikubwa kuliko kitambaa chetu: visiwa vya majani mabichi vilivyotoka asubuhi na kurudi alasiri kama ng'ombe wanaorudi zizini. Madaftari yale hayakuwa sayansi ya kupelekwa chuo kikuu. Lakini mtoto aliyeandika kwa mkono wake kwamba kitambaa hunyooka saa nane hakuhitaji kuhubiriwa. Baadhi yao walianza kuwauliza baba zao maswali.

Kuna jambo moja ambalo kitambaa chetu hakikuweza kulipima, kwa sababu sisi tulikuwa tumelala, nalo ni dhoruba za usiku. Usiku ule upepo wa nchi kavu unapoingia ziwani kutoka pande zote, pepo hizo hukutana katikati ya maji. Hewa yenye joto na unyevu haina pa kwenda ila juu, na huko hugeuka mawingu ya radi. Hivyo basi, wakati watu wa bara huzoea mvua za alasiri, ziwa huzoea tufani za kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri, hasa katika miezi ya masika na ya vuli. Na ni nani aliye ziwani saa hizo? Ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na taa hufaa wakati wa giza, mwezi unapokuwa haupo. Kazi yake humtaka awe nje saa ile ile ambayo busara ingemtaka awe kitandani.

Mzee alikuwa na kanuni yake juu ya hilo. Kama alasiri ngurumo zimepiga sana nchi kavu, usiku huo hakuwatoa vijana wake. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Miaka mingi baadaye, naye amekwisha kufariki, nilisoma kwamba watafiti wakiongozwa na Mbelgiji Wim Thiery, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2016 na nyingine iliyoifuata, walitumia picha za setilaiti wakaona kwamba dhoruba kali za alasiri katika nchi zinazolizunguka ziwa zaweza kutumika kutabiri dhoruba kali za usiku juu ya ziwa lenyewe. Walionya pia kwamba dunia ikizidi kupata joto, dhoruba hizo zitazidi kuwa kali. Nilifurahi kwa ajili ya mzee wangu, nikahuzunika kwamba hakuwapo nimsomee.

Sasa nije kwenye saa za binadamu. Ziwa lilikuwa na ratiba yake, lakini gulio nalo lilikuwa na yake. Watu wa visiwani walikuja gulioni asubuhi wakiwa na samaki, waliuza mpaka adhuhuri, wakanunua unga, chumvi, sabuni na mabati, kisha wakataka kurudi kwao kabla ya giza. Yaani walipakia chombo kilichojaa wakaondoka saa nane, saa ambayo kitambaa chetu kilikuwa kimenyooka kabisa, wakaenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Kama ungekaa kupanga saa mbaya kwa makusudi, usingeipata iliyo mbaya zaidi. Kisha ikaja dhahabu. Machimbo ya Nyarugusu, Rwamgasa na mengineyo yalipofurika wachimbaji wadogo, vijana wa bara walimiminika Geita, wakala dagaa na sangara wa ziwani, wakapata fedha ghafla, na wenye fedha za ghafla huwa na haraka.

Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kusoma kule Shinyanga katika miaka yangu ya mwanzo, mtoto mpole mwenye mwandiko mzuri. Mwaka 1993 alinijia shuleni mwenyewe, mtu mzima, viatu vipya, akinisalimu kwa kupiga goti kidogo kama tulivyowafunza. Duara lao lilikuwa limetema. Alikuwa anakwenda kisiwani kwa wazazi wa binti aliyetaka kumwoa, akiwa na mahari mfukoni. Tulikunywa chai, nikamwambia alale kwangu avuke alfajiri. Akasema, "Mwalimu, wananingoja leo." Pale mwaloni yule mzee nahodha naye alimkataza, akamwonesha kwa kidole mstari mweupe wa mawimbi kwa mbali. Nahodha mwingine alikubali. Chombo kilipakia abiria na mifuko ya saruji, kikaondoka kama saa saba na nusu. Hakikufika. Watu wachache waliokolewa wakiwa wameshikilia madumu. Yeye, mtoto wa nchi isiyo na maji, hakujua kuogelea.

Baba yake alikuja kwa basi kutoka Shinyanga. Alikuwa hajawahi kuliona ziwa. Nilimpeleka mwaloni jioni, upepo ukiwa umekufa, maji yamelala, rangi yake kama ya shaba. Alisimama muda mrefu. Nilitegemea atalia. Badala yake aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, maji yote haya yalikuwa hapa, na sisi tukichimba visima?" Sikuwa na jibu la kumpa. Leo maji ya ziwa hili hufika Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, na kila nifunguapo bomba kwa ndugu zangu humkumbuka baba yule.

Katika matanga, mtu mmoja alisema lile tunalolisema siku zote: chombo cha kuzama hakina usukani. Kila mtu aliitikia kwa kichwa. Naiheshimu hekima ya wahenga, na najua kwamba mbele ya wafiwa methali hiyo ni blanketi, humfunika mtu asitetemeke. Lakini blanketi la matangani halifai kuwa sheria ya mwaloni. Chombo kile kilikuwa na usukani. Kilikuwa na saa pia, na saa ile ilikuwa imeandikwa katika daftari za watoto wa darasa la sita.

Si kila ajali ni ya upepo, na haifai kuusingizia. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, lililotajwa ni kujaza watu kupita kiasi na chombo kukosa uwiano, si tufani. Hata hivyo MV Nyerere nayo ilikuwa ikitoka gulioni alasiri. Na vyombo hivyo vikubwa angalau viliombolezewa na taifa zima. Mitumbwi huzama watatu leo, watano kesho, nayo huandikwa katika misalaba ya vijijini tu.

Mambo mengi yamebadilika kwa wema. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa ajili ya Ziwa Victoria, ipo rada Mwanza, na mradi wa HIGHWAY ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulisaidia kuufanya utabiri huo uwafikie wavuvi kwa lugha yao. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na wasafiri wa Geita hawangoji tena kivuko pale. Lakini daraja haliendi Maisome wala Kome. Na utabiri una shida ambayo mtu wa ofisini haioni upesi: mvuvi akiutii usiku tatu na dhoruba isije, amepoteza mapato ya usiku tatu, na usiku wa nne ataona anadanganywa. Mzee wangu alilijua hilo. Usiku aliowazuia vijana wake bila tufani kuja, aliwagawia unga wa nyumbani kwake. Alikuwa akinunua utii wao kwa gharama yake, na sijui njia nyingine ya kuupata.

Ndugu msomaji, kama una chama cha ushirika mwaloni, fikirini hilo la unga. Kama wewe ni mwalimu katika mwambao, chomeka mti na kitambaa, na uwafundishe watoto kuogelea kabla ya kuwafundisha majina ya milima ya Ulaya. Kama una sauti katika halmashauri, lisogeze gulio lifungwe mapema, ili watu wavuke saa tatu na si saa tisa. Hilo halihitaji mfadhili. Na kama wewe ni mtu wa bara kama mimi, umefika mwaloni mchana na haraka zako, tafuta mzee mmoja asiye na kitu cha kukuuzia, muulize kama angempandisha mwanawe saa hiyo. Akinyamaza, rudi ukalale. Alfajiri upepo utakuwa unakwenda kule unakokwenda wewe.